UZI: Mtu mzima unayeangusha vitu, unayejikwaa, usiyevumilia kelele: tiba kwa vitendo ni ya kwako pia

Mtoa Tiba Moshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku, ile ambayo hospitalini wengi wanaiita OT. Nilisomea hapa KCMC Moshi, na kwa sasa nahudumia zaidi watu wazima. Naandika kwa ajili ya kundi ambalo hospitali zetu hulipata kwa bahati tu. Mtu ana miaka 28 au 40, ana kazi na familia, hana homa wala kidonda, ila tangu utotoni mwili wake haumtii. Kikombe kinamponyoka. Bega linagonga fremu ya mlango uleule kila siku. Anapomaliza vifungo vya shati, wenzake wameshakunywa chai na kuondoka. Nyumbani ameitwa goigoi, mzembe, mzito. Shuleni alichapwa kwa ajili ya mwandiko. Ukweni walisema hakufundwa.

Wengi hawaji kwa sababu hiyo. Wanakuja kwa maumivu ya mgongo, kwa sonona, au wameleta mtoto. Mzazi anasikiliza maelezo kuhusu mwanawe, ghafla ananyamaza, kisha anasema: "Haya unayoyasema ni mimi." Si ajabu, maana hali hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo.

Kitaalamu hali hii inaitwa DCD, tatizo la uratibu wa mwendo linaloanzia kwenye ukuaji. Wengine huiita dispraksia. Imo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, na imo kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Makadirio yanayotumika sana ni asilimia 5 hadi 6 ya watoto wa umri wa shule, na wengi wao hawaiachi wakikua. Misuli yao ni mizima. Shida iko kwenye kupanga. Unapoinua chupa ya chai, ubongo hukadiria uzito kabla mkono haujapanda, kisha hurekebisha kadiri taarifa zinavyorudi kutoka kwenye misuli. Kwa mwenye DCD makadirio hukosea mara nyingi na marekebisho huchelewa, kwa hiyo inambidi akodoe macho na kufikiria kila hatua ambayo mwenzake anaifanya huku anapiga soga. Ndiyo maana jioni anakuwa amechoka kupita kazi aliyoifanya, na watu wanadhani ni uvivu.

Sasa hisi. Shuleni tulifundishwa tano. Zipo nyingine ambazo kwenye kazi yetu ndizo zinazotusumbua zaidi: hisi ya mizani iliyoko kwenye sikio la ndani, hisi ya misuli na maungio inayokuambia mguu uko wapi bila kuutazama, na hisi za ndani zinazokujulisha njaa, kiu na mkojo. Aliyeanza kulipanga jambo hili kitabibu ni Jean Ayres, Mmarekani wa fani yangu, kuanzia miaka ya 1960. Baadaye Winnie Dunn, naye Mmarekani, akaeleza mielekeo minne: wapo ambao taarifa za hisi huwafikia kwa shida hadi ziwe kali, wapo wanaozitafuta kwa bidii, wapo zinazowaumiza haraka, na wapo wanaozikimbia. Mwaka 2002 yeye na Catana Brown walitoa dodoso la maswali 60 kwa vijana na watu wazima. Mtu mmoja anaweza kuwa na mielekeo inayopingana. Nina wateja ambao sauti ya kijiko kwenye sahani inawakera hadi kutetemeka, lakini mkono ukiungua jikoni wanagundua wakiwa wameshamaliza kupika.

Hapa niseme wazi. Tatizo la kuchakata hisi, likisimama peke yake, halimo kwenye DSM-5 kama ugonjwa. Limo kama sehemu ya usonji, na linaonekana sana kwa wenye DCD na wenye ADHD, tatizo la umakini na utulivu. Kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia cheti cha ugonjwa huo, tunza hela yako. Shida yenyewe ni ya kweli na ina msaada, hata bila cheti.

Na sasa jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Watu wazima wanaosoma mtandaoni wanakuja wakidhani nitawarushisha mipira, nitawabembeza, nitawauzia blanketi zito la kugandamiza mwili, halafu ubongo utanyooka na kila kitu kitafuata. Kwa DCD, mapendekezo ya kimataifa ya 2019 yanaelekeza kwingine: fanyia kazi shughuli yenyewe inayomshinda mtu, kwa vifaa vyake, mahali pake. Tatizo lako likiwa ni kumimina chai, tunamimina chai. Likiwa ni kushuka daladala Kariakoo, tunakwenda kushuka Kariakoo.

Nitoe mfano. Kuna dada, nimebadilisha baadhi ya mambo asitambulike, ambaye ni wakala wa fedha za simu. Kibanda chake kiko kando ya stendi. Noti zinamponyoka, akikosea anaanza kuhesabu upya, foleni inafoka, na jioni hesabu haitimii. Lengo aliliweka mwenyewe: kuhesabu laki moja mbele ya mteja bila kurudia. Nilikwenda kibandani nikakaa pembeni nitazame. Alikuwa anahesabu noti hewani, viwiko havijaegemea popote. Stuli ilikuwa ndefu, miguu inaning'inia. Redio ya kibanda cha jirani ilikuwa nyuma kabisa ya sikio lake. Wateja waliegemea madirisha mawili, na huku anahesabu ya huyu, yule anamsogezea simu usoni.

Sikumpangia la kufanya. Njia ninayoitumia ilitengenezwa Canada na Helene Polatajko na wenzake, nayo ina hatua nne: lengo, mpango, tenda, kagua. Mtaalamu anauliza, mteja anagundua. Nikamuuliza, "Noti inapoponyoka, mkono wako unakuwa wapi?" Akajaribu tena akiutazama mkono. "Uko juu tu, haujashika popote." "Ungeuweka wapi?" Akaushusha mezani. Hapo akaanza kutunga mwenyewe. Noti zinahesabiwa juu ya meza, kwa mafungu ya tano tano. Fundi seremala wa jirani akamchongea sanduku lenye vigawanyo, kila thamani na chumba chake. Dirisha moja likafungwa ili watu waje upande mmoja. Chini ya miguu akaweka tofali. Tulipokagua, tofali likaonekana limezidi kimo, magoti yanagonga meza, akalibadilisha kwa kipande cha ubao. Redio aliiombea kwa jirani isogezwe, na jirani akakubali.

Baada ya wiki kadhaa aliniambia kitu kilichonifurahisha kuliko hesabu kutimia: nyumbani ameanza kukunja nguo juu ya kitanda, viwiko vimeegemea, kwa mafungu. Hakuna aliyemfundisha hilo. Hatua zile nne ameondoka nazo.

La mwisho kabla ya kuwapisha. Haya yote yanahusu mtu aliyekuwa hivi tangu utoto. Kama mkono wako ulikuwa mzima na sasa umeanza kuangusha vitu, au umeanza kuyumba, au vidole vinakufa ganzi, usinitafute mimi kwanza. Nenda kwa daktari, na ikiwa imetokea ghafla nenda leo hii. Kiharusi, kisukari kilichogusa mishipa ya fahamu, upungufu wa vitamini B12, Parkinson na mengine huanza hivyo, na baadhi hayasubiri.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti Pangani

Shikamoo daktari. Nimesoma nimelia. Mimi kumimina chai mbele ya wageni ndiyo mtihani wangu mkubwa. Mama mkwe anakaa kimya ananitazama mkono, na nikijua natazamwa ndiyo namwaga kabisa. Bamia na mlenda siwezi hata kuvigusa kwa vidole, na kwetu chakula ni kwa mkono. Harusini nakaa nusu saa, kichwa kinapasuka kwa spika. Nafanyaje?

Mtoa Tiba Moshi

Marahaba dada. Mimi si daktari, ni mtoa tiba, lakini nimepokea.

Tuanze na chai, maana hapo pana mengi. Chupa iliyojaa ni nzito na uzito wake unahama unapoinamisha, na mkono wako ndipo unapopotea. Ijaze nusu. Weka kitambaa kilicholowa na kukamuliwa juu ya sinia, vikombe juu yake; havitateleza. Kikombe kibaki mezani, usikishike hewani kwa mkono wa pili. Mkono huo wa pili ushike chupa kwa chini. Kiwiko cha mkono unaomimina kiguse ubavu wako au ukingo wa meza. Mimina ukiwa umekaa kama adabu ya nyumba inaruhusu, au umepiga magoti kwenye mkeka, kwa sababu ukisimama umeinama mwili unashughulika na kusimama na kumimina kwa wakati mmoja. Jaribu kwanza peke yako kwa maji ya baridi, kisha mbele ya mtu unayemwamini, kisha mbele ya wawili. Kutazamwa ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa hiyo nako kunafanyiwa mazoezi kidogo kidogo.

Bamia: una haki ya kutokula, wewe ni mtu mzima. Ukitaka kula na watu bila maneno, kijiko hakivunji heshima ya sahani, au upakuliwe mboga kwenye kibakuli chako. Sikushauri ujilazimishe kushika mlenda ili uzoee. Kujilazimisha kwa vitu vya kuteleza kunaweza kumfanya mtu aogope chakula chote.

Harusini usikae mstari wa spika. Kaa pembeni karibu na mlango, ukuta ukiwa nyuma yako. Vaa vizibo vya masikio vya sponji, vinauzwa maduka mengi ya dawa, na chini ya mtandio havionekani. Toka nje kabla kichwa hakijaanza kuuma, usisubiri kipasuke. Na siku ya harusi usipange tena kwenda sokoni asubuhi, maana utafika ukumbini umeshajaa.

---

Mzee wa Kazi

Mkuu, kwa heshima zote, hizi ni habari za wazungu. Sisi tulichapwa, tukanyooka. Leo kila uzembe una jina la kitaalamu.

Mtoa Tiba Moshi

Mzee wangu, nakujibu kwa heshima hiyohiyo, kwa sababu swali lako ndilo wanaloulizwa wateja wangu nyumbani kwao.

Hali hii haikuanzia Ulaya na haikomei huko. Chuo Kikuu cha Cape Town kimetafiti watoto wa mitaa ya kipato cha chini wenye DCD, na mazoezi yaliyolenga kazi zenyewe yaliwasaidia. Huku kwetu watu wapo, jina ndilo hawakuwa nalo.

Kuhusu kuchapwa: wapo walionyooka, na huenda hawakuwa na DCD. Wenye nayo nawaona wakiwa watu wazima. Fimbo iliwafundisha kujificha. Wanakwepa kuandika mbele ya watu, wanakataa kushika mtoto mchanga wasimwangushe, wanaacha kazi wakipewa cheo chenye vikao na kuandika ubaoni. Wasiwasi na sonona ni vingi kwa kundi hili kuliko kwa watu wengine, hilo limeonekana kwenye tafiti nyingi. Mzembe ukimpa siku nzima na utulivu, kazi inatoka safi. Huyu ukimpa siku nzima atajitahidi hadi jasho, na bado kikombe kitaanguka.

Mzee wa Kazi

Nimekuelewa kidogo. Nina kijana wangu wa pili, jeshini hawakumchukua kwa sababu ya kwata. Niseme nini kwake?

Mtoa Tiba Moshi

Mwambie kwamba ulikuwa unaona anavyojitahidi. Halafu muulize ni kazi gani moja angependa iwe rahisi kwanza, muanzie hapo.

---

Nakuru Kwetu

Habari zenu ndugu zangu, mimi niko Kenya. Huku wataalamu hawa wamekuwepo muda mrefu, KMTC, chuo chetu cha mafunzo ya tiba, inawafundisha, na tangu 2017 tuna sheria yao ya mafunzo, usajili na leseni. Kwa hivyo kabla hujalipa mtu wa kliniki ya kibinafsi, itisha leseni yake. Mimi nilisaidika upande wa kuandika. Nilikuwa naandika ripoti za zamu kwa mkono, hakuna aliyekuwa anazisoma. Nilikatiwa kipande cha tyubu ya baiskeli nikakivalisha kwa kalamu, mshiko ukawa mnene na hauterezi. Karatasi ikainamishwa, meza ikateremshwa. Halafu tukaongea na supavaiza, ripoti sasa naandika kwa simu.

Mtoa Tiba Moshi

Asante ndugu. Hapo mwisho ndipo penye ufundi: kalamu iliboreshwa, lakini pia kazi yenyewe ilibadilishwa. Kwa mtu mzima sioni sababu ya kupambana na mwandiko miaka mitatu ikiwa simu inatosha.

Kwa Tanzania, wanaojua sheria watanirekebisha kwenye vipengele, ila Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo na inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa kazini. Binafsi naanza na mazungumzo. Barua yangu kwa mwajiri huwa fupi, inataja vitu viwili au vitatu vya kufanya: mahali pa kukaa penye utulivu, maelekezo kwa maandishi, kazi ya mkono isiwe ya haraka mbele ya wateja. Huwa sitaji ugonjwa kama mwenyewe hataki.

---

Dada wa Leicester

Nipo Uingereza, natunza wazee. Huku watu wazima kupimwa DCD kupitia NHS, huduma ya afya ya serikali, kunategemea eneo unaloishi, sehemu nyingine hakuna huduma kabisa, kwa hiyo msidhani tumefika. Kilichonisaidia ni Access to Work, mpango wa serikali unaogharimia msaada kazini kwa mwenye ulemavu au hali ya kiafya. Watanzania wenzangu mlioko huku, ombeni, uraia wa kuzaliwa si sharti. Angalieni tu masharti ya viza yenu.

Swali langu ni blanketi zito. Nililinunua ghali. Linasaidia kweli?

Mtoa Tiba Moshi

Dada, kwa baadhi ya watu linatuliza na usingizi unakuja, kwa wengine hakuna tofauti. Tafiti hazijakubaliana. Kama wewe unalala vizuri zaidi, endelea nalo, ili mradi unaweza kulitoa mwenyewe kirahisi na huna tatizo la kupumua. Kwa walioko Dar sishauri hata kujaribu, lile joto peke yake litawaamsha. Wanaotaka mgandamizo wanaweza kujifunga kitenge kwa kukaza tumboni na mabegani, au kubeba ndoo ya maji, kusukuma toroli, kukanda unga. Kazi nzito za misuli huwatuliza wengi kabla ya kuingia mahali penye fujo. Kuna mteja wangu anayetwanga kisamvu kabla ya kwenda kanisani, na anasema siku hiyo vinanda vinavumilika.

---

Kijana Moro

Mkuu nina miaka 31. Nimeshindwa kujifunza pikipiki. Klachi, gia, breki, watu wanapiga honi, nachanganyikiwa. Niache?

Mtoa Tiba Moshi

Usiache, na usijifunzie barabarani. Tafuta uwanja mtupu. Siku za mwanzo injini imezimwa: kaa, sukuma kwa miguu, shika klachi na kuachia hadi vidole vijue bila macho. Sema hatua kwa sauti, "klachi, gia, achia". Sauti yako inakusaidia kupanga. Gia ya kwanza peke yake hadi ikuchoshe, ndipo ya pili. Anayekufundisha asiongee wakati unaendesha, asubiri usimame. Na ikiwezekana pata pikipiki isiyo na klachi ya mkono, zipo, kwa sababu kuondoa jambo moja kati ya manne kunabadilisha kila kitu. Kipimo changu ni hiki: kama baada ya mazoezi ya haki bado jicho lako halikadirii umbali wa gari linalokuja, usibebe abiria. Hapo naongea kama mtu aliyeona wodi ya majeruhi.

---

Binti Pangani

Jana nilimimina kwa maji, mezani, kitambaa chini. Haikumwagika. Leo sijajaribu kwa wageni. Nataka kuja hospitali kabisa. Nije na nini, na nikifika niulize wapi?

Mtoa Tiba Moshi

Hongera sana. Wageni wasubiri.

Hospitali za rufaa nyingi zina mtu wa fani hii, ila mlango wake unajificha. Pengine yumo ndani ya idara ya magonjwa ya akili, pengine anakaa pamoja na wa mazoezi ya viungo. Usishtuke ukielekezwa huko. Mapokezi uliza "OT" au "tiba kwa vitendo", na useme ni kwa mtu mzima, maana wamezoea watoto. Dar es Salaam anza na Muhimbili. Kwako Pangani, anzia hospitali ya mkoa Tanga upate barua ya rufaa.

Njoo na mtu aliyekujua ukiwa mdogo, mama au shangazi, kwa sababu tunahitaji kujua ulianza lini kutembea, kuvaa, kufunga kamba za viatu. Kama madaftari ya shule ya msingi au ripoti za walimu bado zipo, zilete. Utapimwa macho kwanza kama hujapimwa karibuni. Andika kwenye simu mambo matano yanayokushinda kwa wiki moja, hata yawe madogo namna gani. Na beba ile chupa ya chai ya nyumbani kwenu, hiyohiyo, si ya kuazima.

Binti Pangani

Mama amekubali kuja. Madaftari ya la tatu anayo yote kwenye sanduku.

Mtoa Tiba Moshi

La tatu ni zuri, ndipo wanapoanza kuandika kwa kasi. Mwambie alete na la kwanza kama lipo, nilinganishe.